Dodoma hadi Babati kwa baiskeli: mtazame mbeba maji

Kilima kimoja mbele kidogo ya Mayamaya ndicho kilichonivua kiburi. Nilikuwa nimeshusha gia hadi ya mwisho, jasho linaniingia machoni, nakanyaga pedeli kana kwamba kuna mtu ananidai. Pembeni yangu kijana wa kama miaka ishirini akashuka kwenye baiskeli yake, akaweka mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye keria, akaanza kusukuma. Alibeba madumu manne ya lita 20. Hizo ni kilo 80 za maji, baiskeli yenyewe hujaihesabu. Tulifika juu pamoja. Akaniamkia, nikashindwa hata kusema marahaba.

"Mzee, kwani kushuka ni dhambi?" akauliza, kisha akapanda na kuteremka zake, akaniacha nimeinamia usukani.

Hiyo ilikuwa siku ya kwanza. Kutoka Dodoma hadi Babati ni kilomita 250 hivi, nami nilikuwa nimezipangia siku mbili kwa sababu kwenye simu niliona watu wanapiga kilomita 130 kwa siku. Nilitumia tano. Nimeshaipita njia ile mara mbili zaidi tangu wakati huo, na wanaoniuliza ninunue baiskeli gani, nifanye mazoezi gani, huwa nawaambia waende kwanza Makutupora asubuhi na mapema wakawatazame wanaobeba maji, mkaa na magunia. Wale wanaendesha baiskeli nchi kavu yenye vilima kila siku ya Mungu, na hakuna aliyewafundisha kwa video.

Kwanza, tazama saa wanazotoka. Saa kumi na moja alfajiri wako njiani. Ikifika saa tano huwaoni, wako kivulini. Mimi siku ya kwanza nilitoka saa mbili, baada ya chai na chapati na picha za kuagana, na kufikia saa saba lami ilikuwa inanichoma kutoka chini kama kikaango. Sasa naondoka kabla ya jua, nasimama saa tano, nalala kidogo, narudi barabarani saa kumi, na kabla ya magharibi nimeshajua nitalala wapi. Ukihesabu, ni saa saba au nane za kuendesha. Zinatosha kilomita 60, na kilomita 60 za vilima ni nyingi.

Kivuli nacho kina elimu yake. Mbuyu unakupendeza ukiwa mbali, lakini wakati wa kiangazi hauna jani hata moja. Unabaki na kivuli cha shina tu, na kinahama kila baada ya dakika kumi ukikifuata kama kuku. Tafuta mkwaju. Chini ya mgunga usisukumie baiskeli kabla hujatazama ardhi, maana miiba yake iliyokauka hulala pale pale unapotaka kulala wewe.

Na hapo tumefika kwenye adui wa kweli wa safari hii, ambaye si jua wala mlima. Ni mbigili. Ni kijimea kinachotambaa, maua ya njano, mbegu zenye pembe ambazo kwa namna yoyote zitakavyoanguka, pembe moja itaangalia juu. Barabara hii ni lami tupu tangu ilipozinduliwa mwaka 2018, na mabasi yanaijua raha yake. Basi likipiga honi nyuma yako, unatoka pembeni haraka, na pembeni ndipo mbigili anapokungoja. Siku ya pili niliziba pancha sita. Ya sita niliizibia gizani, tochi mdomoni, huku watoto watatu wakinihesabia mashimo kwa sauti.

Fundi mmoja wa baiskeli, chini ya mti, ndiye aliyenitoa shida. Alichukua tyubu kuukuu, akaipasua kwa urefu, akakata pale penye valvu, akailaza ndani ya tairi kabla ya kurudisha tyubu nzima. Basi. Inaongeza uzito kidogo na baiskeli inakuwa nzito kidogo kupanda, lakini tangu siku hiyo nimepata pancha moja tu katika safari nzima. Beba solusheni mbili, si moja, kwa sababu ikishafunguliwa hukauka kwenye joto lile. Na kila unapotoka pembeni, usirudi barabarani ukiwa umepanda. Inyanyue baiskeli, pitisha kiganja chenye kitambaa kwenye tairi, uitoe miiba kabla haijazama.

Kuhusu baiskeli yenyewe nitasema neno moja. Ukienda na zile za kisasa zenye tairi ya 700, usidanganywe na mtu atakayekuambia dukani kijijini kuna tairi ya 28, ni ileile. Ukiziweka pamoja zinafanana, lakini rimu ya 28 ya baiskeli za mzigo ni kubwa kuliko ya 700, na tairi yake haitakaa kwenye rimu yako. Mimi naenda na rimu ya 26. Tairi yake utaipata mjini Kondoa na Babati, na rimu ikipinda kila fundi anaijua. Gia nyingi si hoja. Kama umeshajua kushuka na kusukuma, kila baiskeli ina gia moja ya ziada.

Maji sasa. Mimi hunywa lita sita kwa siku, na siku za Septemba na Oktoba hazitoshi. Usiamini ramani inapokuonyesha mto. Mto kule ni mchanga mweupe mpana, na maji yako chini yake. Utawaona akina mama wamechimba shimo, wanachota kwa kata. Hayo ni ya kwao na mifugo yao, tena yanahitaji kuchemshwa au kutiwa dawa. Kwenye vijiji vingi kuna bomba la kuchotea. Panga foleni. Narudia, panga foleni, hata kama dumu lako ni chupa mbili tu. Mara tisa kati ya kumi mama aliye mbele atakuambia, "Baba, njoo ujaze, wewe msafiri," lakini neno hilo liache litoke kwake. Lipa kama wanavyolipa wenzako. Visima vingine vina maji ya chumvi na chai yake ina ladha ya ajabu, utazoea.

Ukianza kuumwa kichwa na mkojo ukawa kama chai ya rangi, maji matupu hayatoshi. Lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, koroga, unywe polepole. Nilikuwa naliona ni jambo la watoto wanaoharisha mpaka nilipoiona barabara inazunguka karibu na Chemba.

Chakula hakitakupa taabu. Ugali wa uwele au mtama na mlenda hukaa tumboni kuliko biskuti zote nilizobeba safari ya kwanza, na maziwa mgando ni dawa. Ukikuta mnada, simama hata kama hujachoka, nyama choma ya mnadani haina mpinzani. Ila kuanzia unapoingia Kondoa, watu wengi ni Waislamu, na mwezi wa Ramadhani mchana mama lishe hawapiki. Nimekosea hilo mara moja. Nilikula karanga zangu nimejificha nyuma ya mwamba kama mwizi, na jioni nikaalikwa futari iliyonitia aibu kwa wingi wake.

Kuhusu watu, sheria ni moja: ukimkuta mzee, shuka. Usimwamkie ukiwa juu ya baiskeli, ukimpita. Kwenye vijiji vya Wagogo sema "Mbukwenyi" na uone nyuso zinavyofunguka; hutaulizwa tena kama umepotea. Ukitaka kulala mahali pasipo na gesti, nenda kwa mwenyekiti wa kijiji au mtendaji kabla giza halijaingia, toa kitambulisho, andika jina kwenye daftari. Na simu uliyoifunga kwenye usukani, iondoe kabla hujafika ofisini. Mimi niliwahi kukaa nusu saa nikieleza kwamba sipimi barabara, sipimi mashamba, wala sitafuti madini. Walikuwa na haki ya kuuliza. Anayekuja na kifaa na kuondoka bila kujieleza, mara nyingi hurudi na beakoni za kupimia ardhi.

Pia omba uonyeshwe pa kuweka hema, usijichagulie. Mchanga wa mtoni unaonekana godoro la bure, lakini mvua ikinyesha milimani, maji yatakufikia hapo ulipo ukiwa unatazama nyota. Vilima vya Irangi vina historia ya maji ya namna hiyo. Makorongo utakayoyaona pande za Kondoa, mengine yangemeza nyumba, ndiyo yaliyoifanya serikali kuanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika zaidi. Leo kuna miti pale ambapo wazee wanakumbuka udongo mwekundu mtupu. Waulize, wanapenda kusimulia, na wewe unahitaji kisingizio cha kupumzika.

Kisingizio kingine ni Kolo, kaskazini mwa mji wa Kondoa, kwenye michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Lipia ofisini, chukua mwongozaji, uiache baiskeli huko huko. Njia ya kwenda miambani ni ya mawe na sehemu ya mwisho ni ya kupanda kwa miguu. Usiguse michoro, na kama mwongozaji atakuambia mahali fulani watu hufanyia matambiko, ongea kwa sauti ya chini. Mimi nililipa nusu siku hapo na sikujuta.

Baada ya Kolo unapanda kuelekea Bereko, na hapa sukuma bila aibu. Misitu inaanza, hewa inapoa, unasahau Dodoma. Hatari iko upande wa pili, unapoteremkia Bonga. Ukiwa na mzigo nyuma, ukishika breki mfululizo rimu inapata moto, na rimu ikipata moto tyubu inaweza kupasuka. Shika, achia, shika, achia, mbele na nyuma kwa zamu. Simama mara mbili au tatu, gusa rimu kwa mate. Malori nayo yanashuka, wape njia. Kutoka Bonga hadi Babati ni karibu kilomita 20 tu.

Msimu: nenda Juni hadi Agosti, mvua zimekwisha na joto halijapanda, ingawa asubuhi utatetemeka. Anzia Dodoma, usianzie Babati. Upepo wa kiangazi unatoka mashariki na kusini-mashariki, na mara ya pili nilipoamua kugeuza safari, ulinipiga usoni kutoka Chemba hadi Msalato.

Kurudi, panda basi. Elewana na kondakta bei ya baiskeli kabla haijaingia kwenye buti, toa pedeli mwenyewe na uziweke mfukoni, geuza usukani, na hakikisha hakuna gunia la vitunguu litakalolalia magurudumu.