Mpe bisibisi ashike mwenyewe

Ndugu yangu, umesema rafiki yako hapo Dodoma anataka kompyuta ya gemu iliyokwisha kuunganishwa kwa sababu anaogopa kuharibu vipuri. Usimbembeleze kwa maneno ili aunde mwenyewe. Mkaribishe kwako Jumamosi, zima mashine yako, chomoa waya wa umeme, fungua kava, kisha achomoe RAM (kijiti cha kumbukumbu ya muda) na kuirudisha yeye. Akisikia vile vishikio vikilia "ta!", nusu ya woga imekwisha.

Halafu mweleze kuhusu pawa saplai, kile kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Hapo ndipo wauzaji wengi hubana pesa: kadi ya michoro huitangaza kwa herufi kubwa, pawa saplai hawaitaji hata jina. Mashine yangu ya kwanza niliinunua tayari. Umeme ulikatika, uliporudi pawa saplai ikaungua. Mazabodi yake, yaani ubao mkuu wa kompyuta, ilikuwa na plagi za kiwanda chake tu, pawa saplai ya kawaida haikuingia. Niliumia sana. Akiunda mwenyewe achague mazabodi na pawa saplai za ATX, yaani za kipimo cha kawaida, maana zinabadilishika kirahisi, na kasha lenye vichujio vya vumbi mbele. Upepo wetu wa kiangazi unaujua.

Bajeti ikibana, aanze na prosesa (ubongo wa kompyuta) yenye uwezo wa michoro ndani yake, kadi ataongeza baadaye. Siku ya kuunganisha kaa naye, ila bisibisi ashike yeye.