Mwanangu, kuhusu vile vidonge ulivyoniuliza

Mwanangu mpenzi,

Voisi yako nimeisikiliza mara tatu, mara ya mwisho nikaenda kukaa barazani peke yangu. Umesema huko Dodoma wamekupiga altrasaundi wakakuta faibroidi, yaani uvimbe kwenye kizazi, daktari kakuandikia vidonge vya majira vile vya homoni moja, na wewe unauliza mama, vitayeyusha uvimbe? Na nikivinywa kabla sijaolewa si ntakuja kukosa mtoto? Nimeona nikuandikie maana kwenye simu we ukianza kulia na mimi nalia, hatumalizi.

Haviyeyushi. Nakwambia hilo mapema usije ukapigwa altrasaundi tena ukaambiwa sentimita ni zilezile ukavitupa ukasema dawa feki. Kazi yake ni kwenye ule utando wa ndani ya kizazi unaobomoka kila mwezi ukatoka damu, vinaufanya uwe mwembamba, kwahiyo damu inapungua na kwa wengine inakata kabisa. We hesabu pedi zako, hapo ndo utajua vinakusaidia au la.

Mimi sikuwa na wa kunambia hivyo. We ulikuwa darasa la tano, mi nikiingia kwenye siku zangu nakunja kanga tatu za rangi ya giza nalalia, siku kumi, mabonge kama vipande vya maini. Na udongo, unakumbuka? Ule wa vijiti nilikuwa nanunua Ngamiani nafunga kwenye pindo la kanga, siku ulipoiba ukala nikakuchapa, nisamehe mwanangu, sikujua kama mwili ukipungukiwa madini ya chuma ndo unatamani vitu hivyo. Akaja mtu na chupa ya mizizi, anaapa kabisa kwamba inayeyusha, nikanywa karibu mwaka mzima huku damu inaniisha, mpaka nikaanguka pale soko la samaki la Deep Sea nimeshika fungu la vibua mkononi. Damu ilikuwa 5. Wakaniongeza chupa tatu, wewe ukapelekwa Pangani kwa bibi. Wewe hujaanguka popote na umeshapata jina la ugonjwa wako, namshukuru Mungu kwa hilo.

Kuhusu mtoto, vidonge haviharibu kizazi. Ukiwa unavimeza vinazuia mimba, ukiacha uwezo wako unarudi haraka tu. Kinachoweza kusumbua ni uvimbe wenyewe ukikaa pabaya, hasa ule unaochomoza kwa ndani, na kwa huo mara nyingi vidonge havifui dafu. Kwahiyo muulize daktari, wangu umekaa wapi, ndani, kwenye nyama ya kizazi au kwa nje? Mi walinipasua wakatoa uvimbe wakaacha kizazi, na mdogo wako akazaliwa baada ya hapo. Na habari ya hujaolewa, hii ni dawa ya damu, shangazi yako aseme atakalo.

Nahisi kakupa vya homoni moja kwa sababu ya kile kipandauso chako cha kuona vimulimuli, maana vile vya homoni mbili mtu mwenye hicho hapewi, vinaweza kumletea kiharusi. Kama hukumtajia kipandauso, mtajie, na umtajie dawa nyingine yoyote unayotumia, za TB na baadhi ya za kifafa zinavipunguza nguvu.

Vimeze kila siku saa ileile, we chagua taarifa ya habari ya saa mbili usiku, hapo hata Ramadhani haikusumbui. Pakiti ikiisha kesho yake unaanza nyingine, vingi vya aina hii havina wiki ya kupumzika. Vingine ukichelewa hata masaa matatu ushavuruga kinga ya mimba. Miezi mitatu ya mwanzo utaona vidoa vidoa bila mpangilio, vinakera, vumilia, na habari ya swala muulize ustadhi akufafanulie istihadha, ile damu isiyo ya hedhi. Ila duka la dawa wasikubadilishie wakakupa Primolut N eti ni kitu kimoja, ile ni miligramu 5, inatolewa kusimamisha damu kwa siku chache, kile cha majira hakifiki hata miligramu moja.

Omba upimwe wingi wa damu, ikiwa chini ya 12 watakupa vidonge vya chuma, usivishushie chai hata kidogo, chai inazuia chuma kuingia mwilini, tumia maji na chungwa. Na pedi ikijaa ndani ya saa moja, ukabadilisha na nyingine ikajaa hivohivo, au moyo unaenda mbio na kizunguzungu, nenda hospitali hapohapo, mimi utanipigia ukishafika.

Nimekutumia dagaa kwa basi la asubuhi, kwenye ndoo ya bluu, konda nimeshamlipa. Ripoti ya altrasaundi ipige picha unitumie leo.

Mama
Tanga