Kabla hujafyeka ufukwe, yajue majani yake

Nilipopata kiwanja karibu na Ziwa Victoria, upande wa Mwanza, kazi ya kwanza niliyoifanya ilikuwa kukodi vijana watatu wenye mapanga. Walifyeka siku mbili, wakavuka mpaka wa kiwanja wakaingia hadi majini. Mafunjo, matete, kila kilichosimama kililazwa. Jioni ya siku ya pili nikakaa nikitazama ziwa lililo wazi, moyo umetulia.

Masika yaliyofuata mawimbi yalianza kula ukingo. Maji ambayo zamani uliona mchanga chini yake yakageuka tope. Kisha upepo ukasukuma magugu maji, yakakuta mahali patupu, yakatanda. Mvuvi mmoja mzee wa mwalo wa jirani alikuja kusimama nami pale, akaniambia, "Mwanangu, hapo ulipofyeka ndipo vifaranga vya sato walipokuwa wanajificha." Sikuwa na la kumjibu. Na wala sikujua kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto dhidi ya shughuli za kudumu na zile zinazodhuru mazingira.

Ninachokuomba wewe unayehamia ufukweni, au uliyerithi shamba la bondeni, ni hiki: jifunze majani yako kwanza. Vaa mabuti ya mpira, kwa sababu konokono wa kichocho hukaa humohumo kwenye majani, na uende na mtu anayejua viboko na mamba wanapopita. Halafu tazama ukianzia nchi kavu kwenda kwenye kina.

Utaanza na yale yanayosimama. Bua la mfunjo lizungushe kati ya vidole: lina pembe tatu, halina majani, na kichwani lina shungi la nyuzi. Linaweza kufika mita 4 au 5. Bua la tete ni la mviringo, lina pingili, ndani lina uwazi. Lile lenye suke la kahawia kama mshikaki ni jamii nyingine kabisa, ingawa wengi huyaita yote mafunjo. Mfunjo ndio ninaokutaka uuheshimu zaidi. Mashina yake hulala na kusukana mpaka yanakuwa zulia linaloelea, tope la mashambani linanaswa humo, na mbolea iliyokuja na mvua inanyonywa kabla haijafika ziwani. Maji ya chini ya zulia hilo yana oksijeni kidogo sana. Sangara, aliyeletwa ziwani miaka ya 1950, hawezi kuishi humo; kamongo anaweza, kwa kuwa anavuta hewa ya juu, na baadhi ya furu, wale samaki wadogo wa ziwani, wanaweza pia. Ndiyo maana kuna furu waliokoka humo wakati wenzao wengi wa maji ya wazi walipoliwa na sangara wakaisha.

Mbele kidogo utakuta mayungiyungi. Tazama ukingo wa jani na saa ya kuchanua. La maua meupe lenye jani la meno makali huchanua usiku. La maua ya samawati huchanua mchana. Vitundu vya kupumulia viko upande wa juu wa jani, ule unaotazama jua, tofauti na miti mingi ya nchi kavu.

Yaliyozama ndiyo tunayoyasahau. Kuna moja linalofanana na mkia wa paka, halina mizizi hata kidogo, linaishi maisha yake yote likining'inia majini. Jingine huinua ua dogo la njano juu ya maji, lakini chini lina vifuko vidogo vinavyofyonza wadudu wa majini kufumba na kufumbua. Siku niliyoliona kwa mara ya kwanza nilichelewa kurudi nyumbani. Ukitaka kuhifadhi mimea laini ya namna hii, usiivute ikajikunja: iache ielee kwenye beseni la maji, pitisha karatasi ngumu chini yake, iinue polepole, kisha igandamize katikati ya magazeti.

Yanayoelea bila kushika chini ndiyo ya kuchunga. Magugu maji, yenye shina lililovimba kama sponji na ua la zambarau, asili yake ni Amerika Kusini. Yalionekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na mbegu zake huweza kukaa kwenye tope miaka mingi zikingoja. Yang'oe kabla hayajatoa maua, yarundike mbali na maji, maana kipande kilichobaki na chipukizi huanza upya. Lipo pia lile lenye majani madogo yenye vinyweleo yasiyoshika maji, kutoka Brazili. Lililisumbua Ziwa Naivasha, kule Kenya, tangu miaka ya 1960, na siku hizi limeingia ziwani kwetu. Usilichukue kupamba bwawa la nyumbani. Lakini siyo kila kinachoelea ni adui: kile kidogo kinachogeuka chekundu juani hufuga bakteria wanaotengeneza mbolea kutoka hewani, na wakulima wa mpunga wa Asia wamekitumia kwa karne nyingi.

Mimi nilirudisha mafunjo. Nilichukua mashina yenye macho, nikayafunga kwenye vigingi kabla ya mvua, nikayaacha. Njia ya kwenda majini niliibakiza moja, upana wa hatua mbili, nikaikata kwa mshazari ili wimbi lisiingie moja kwa moja. Nikihitaji mabua ya mikeka nakata kipande kimoja, kisha sikigusi mwaka mzima.

Upande wa magharibi sasa umesimama, na vifaranga wamerudi. Upande wa mashariki bado mtupu, kwa sababu ukingo umeshakuwa wima na mashina hayashiki. Vuli zikikaribia nitajaribu tena kwa vigingi virefu zaidi.