Hamu ya mkate wa kumimina ndo iliyonifundisha kupika

Jumanne usiku nimepata meseji ya dada mmoja yuko Morogoro, kaandika, "Dada mi nimefata kila kitu, mkate wangu wa kumimina juu umepata rangi nzuri kabisa, nimeukata katikati uji mtupu. Nimekaa chini nimelia, mchele umepotea na nazi mbili." Sasa hapo kwenye nazi mbili ndo nikaiweka simu chini, kwasababu najua kukuna nazi mbili na mbuzi mkono unavyouma halafu uambulie uji. Nilitaka nimjibu pale pale kwa kifupi, punguza moto wa chini, basi. Nikaona hapana, huyu nimwambie yote, na nyie wengine ambao mnashikwa na hamu ya kitu mnaishia kununua kwasababu mliwahi kuharibu mara moja mkajisemea jiko sio langu, njooni hapa tukae.

Mi nimekulia Tanga, Ngamiani, kwa bibi yangu mzaa mama. Kwetu ramadhani hakuna futari bila mkate wa kumimina, ule wa mchele uliosagwa na tui la nazi, na bibi alikuwa anaupika uani kwa jiko la mkaa, kwenye sufuria moja nzito nyeusi ambayo hakuna mtu aliyeruhusiwa kuichemshia hata maji. Kazi zangu zilikuwa mbili, kukuna nazi na kupepea mkaa. Ukifika muda wa kumimina tunafukuzwa wote, bibi anasema watoto mna maneno mengi mkate utanuna. Kwahiyo mi ule mkate niliujua kwa harufu, hiliki ikishaanza kupanda na nazi ikashika ukoko pembeni, na niliujua kwa kula, ila kipimo hata kimoja sikuwa nacho. Na hili ndo linawaponza wengi tuliokulia kwenye nyumba za wapishi, tunadhani tunajua kumbe tumeshiba tu.

Mwaka 2016 nikaolewa nikaja Dar, Mbagala, na ramadhani yangu ya kwanza ukweni nikaambiwa wewe si mtoto wa Tanga, mkate wa kumimina tunakuachia wewe. Nikaitika. Ningesema nini? Nikaloweka mchele, nikasaga, ukaumuka, nikamimina, nikatia mkaa juu ya mfuniko na chini nikajaza mkaa vilevile kwasababu magharibi ilikuwa inakaribia na nikaona moto mkubwa utaniwahisha. Ulivyotoka juu ulikuwa mzuri jamani, wa kahawia, unang'aa, nikaubeba kwenye sinia mwenyewe nikaupeleka mkekani kwa wageni. Wifi yangu mkubwa akachukua kisu akakata. Uji ukachuruzika hadi kwenye mkeka. Akaninyanyulia kile kisu juu kila mtu aone, akasema, "Tanga hii ya wapi?" Watu wakacheka, wifi akainuka na sinia lote akaenda kumwagia kuku, nawasikia kule nje wanavyogombania mkate wangu na mimi nimekaa nimeshika kikombe cha uji wa pilipili manga siwezi kukimeza.

Hakuna aliyesema neno. Mama mkwe aliangalia chini tu. Baba watoto alikuwa upande wa wanaume hakuona, na nilipomwambia usiku akasema usijali ni utani wa wifi. Utani kweli upo, ila mi najua utani nikiuona na ule haukuwa utani.

Miaka miwili sikugusa mkate wa kumimina. Napika wali, napika mchuzi, maandazi napika mpaka majirani wananiagiza, chipsi mayai saa nne usiku mtu akitamani namkaangia, ila huo mkate ukitajwa natoka nje.

Halafu ikaja mimba ya mwanangu wa kwanza, 2018, na mwezi wa saba wa mimba nikashikwa na hamu ya ule mkate, na hata sio mkate wote, nautaka ule ukoko wa pembeni pale unapogusana na sufuria, wenye mafuta ya nazi. Mliobeba mimba mnajua hamu hiyo haina adabu. Baba watoto alizunguka, kaniletea vitumbua vya Rangi Tatu, kaniletea mkate wa mchele wa Kariakoo, kaniletea mpaka wa ofisini kwao mama mmoja anauza kwa vipande, nakula kimoja nasukuma sahani, kwasababu wauzaji wengi nazi wanaibania wanaongeza sukari na wewe ulimi wako unaijua nazi. Siku ya nne saa tano usiku nikainuka kitandani nikapima mchele vikombe viwili nikaloweka. Nalia huku naloweka.

Nawaambia ukweli, wa kwanza haukuumuka kabisa. Hamira ilikuwa kwenye kabati imefunguliwa sijui tangu lini, imekufa. Wa pili hamira mpya, lakini nilichukua tui limetoka jikoni bado la moto nikasaga nalo, hamira ikaungulia humo humo. Hamira ni kiumbe hai, inataka uvuguvugu, ukitia kidole unasikia joto la kuogeshea mtoto mchanga, zaidi ya hapo unaiua. Siku hizi siianzishi safari bila kuijaribu, nachukua maji ya uvuguvugu robo kikombe, sukari kidogo, hamira, naiacha dakika 10, ikitoa povu naendelea, ikikaa kimya namwaga. Bora umwage hamira ya shilingi chache kuliko nazi mbili.

Wa tatu uliumuka vizuri ila nikausahau nikalala na joto la Dar unalijua, nilivyoamka umechacha unanuka pombe. Wa nne na wa tano nisiwachoshe, ni ule ule moto.

Hapo ndo nikampigia bibi. Nilikuwa naona aibu kumpigia, mjukuu mzima namuuliza kitu nilichokaa nacho pua kwa pua miaka 12. Bibi hakucheka. Akaniuliza, "Chini umeweka makaa mangapi?" Nikamwambia bibi nimejaza. Akanyamaza, akasema, "Mjukuu wangu, chini moto wa kubembeleza, juu ndo moto wa kazi." Basi. Kwenye simu ya dakika mbili nikapewa kitu nilichochekewa kwa kukikosa.

Sikilizeni sababu yake, nilikuja kuielewa baadae kwa kupika na kukata, kupika na kukata. Rojo la mchele na nazi ni zito, joto linachelewa kufika katikati. Moto ukiwa mkali chini, chini panashika haraka panaungua, na juu kama umejaza mkaa napo panafunga, sasa katikati pamefungiwa na mvuke hauna pa kutokea, unabaki uji. Moto ukiwa mdogo chini mkate unapanda taratibu, unaona vitundu vinaanza pembeni vinasogea kati, vile vitundu ndo njia ya mvuke. Vikifika katikati na juu pakawa hapang'ai tena kama maji, hapo sasa unaleta mkaa wa juu. Sio kabla. Dada wa Morogoro, wewe uliweka mkaa juu kabla ya vitundu kufika kati, naweza kuapa.

Vipimo vyangu ndo hivi, sijawahi kubadilisha tangu wa sita uliponikubali. Mchele vikombe 2 umeoshwa ukalowekwa usiku kucha, mi napenda wa Kyela kwa harufu. Asubuhi unauchuja maji yote yaishe, unasaga kwenye blenda na tui zito kikombe kimoja na nusu, la kwanza lile, usije ukachanganya na la pili ukadhani unabana matumizi, pamoja na hamira kijiko kimoja cha chai na hiliki punje kama nane. Saga mpaka ukisugua kwenye vidole usisikie chenga. Hapa watu wanakuwa na haraka, blenda inapata moto wanazima wanasema inatosha, haijatosha, ipumzishe isage tena. Unamimina kwenye bakuli kubwa unafunika, dakika 45 mpaka saa moja, Dar inawahi, sehemu za baridi inachelewa. Sukari robo tatu ya kikombe natia baada ya kuumuka, sio kabla, kwasababu sukari nyingi mwanzoni inaichelewesha hamira. Na ute wa yai moja, nimeupiga kidogo, nachanganya polepole. Bandika sufuria yenye kitako kizito ikiwa na mafuta kijiko kimoja, ipate moto kwanza, ndo umimine ulisikie linalia, ndio maana ukaitwa wa kumimina, punguza moto, na usijaze kupita nusu ya sufuria.

Usifunue funue. Nitarudia tena, usifunue.

Kama unatumia gesi na huna mkaa unaweza kuupika chini kwa gesi moto wa mwisho kabisa mpaka vitundu vifike kati, halafu juu ukamalizia kwenye oveni upande wa moto wa juu dakika kama 10. Na kama huna oveni wala mkaa kuna wanaotia mchanga mkavu kwenye sufuria kubwa wakaingiza ndogo ndani wakafunika, keki inaiva vizuri sana hivyo, ila mkate wa kumimina juu unabaki mweupe na mi mweupe siupendi.

Oveni mi ninayo sasa hivi, ya lita 35, imeandikwa wati 1500, maana yake ukiiwasha ikavuta umeme saa nzima imekula uniti moja na nusu. Sisi nyumbani tunajitahidi tusivuke uniti 75 kwa mwezi ili tubaki kwenye ile bei ya watumiaji wadogo, kwahiyo siwezi kuokea kila hamu inaponijia. Nasema hivi kwasababu naona mabinti wengi wananiandikia dada nianze na oveni gani, dada mashine ya kuchanganyia unga nzuri ni ipi, na ukimuuliza umeshawahi kupika hicho unachotaka kupika anakwambia bado nasubiri vifaa. Unasubiri nini mdogo wangu? Bibi yangu kalea watoto na wajukuu kwa jiko la mkaa na sufuria moja. Loweka mchele leo. Hamu imekushika leo, mashine itakuja mwakani na hamu itakuwa imeondoka, na hiyo hamu ndo mwalimu wako, kwasababu mtu asiye na hamu akiharibu mara moja anaacha, mwenye hamu anarudia mpaka mara ya sita. Mi bila ule uchu wa mimba nisingefika wa sita, wa pili tu ningeacha.

Na nyie mnaoweka picha kwenye statasi za mkate mzima haujakatwa, muache. Mkate ambao haujakatwa hauna ushahidi. Kateni, mpige picha katikati, na kama umeharibika semeni umeharibika, kuna binti mahali anaangalia hizo picha zenu nzuri anadhani yeye peke yake ndo anayeharibu.

Na nyie mawifi, na mama wakwe, na madada wakubwa. Binti akikuletea kitu kibichi mwambie jikoni, mwambie pembeni, mshike mkono muonyeshe moto. Chakula kilichoharibika unaweza kukitupa kimya kimya bila kunyanyua kisu juu. Mimi leo nina watoto wawili na bado nikisikia kuku wanagombana nje tumbo linanikaza, na imepita miaka mingi, na aliyefanya hivyo nadhani alisahau siku ile ile.

Kwanini nayasema leo, sio meseji ya Morogoro tu. Jumapili iliyopita mama mkwe alinipigia simu, akasema, "Mwanangu nina wageni kutoka Lindi, nifanyie mikate miwili ya kumimina, mimi kwa watu siombi isipokuwa wako." Nilikaa kitandani kidogo. Nikaamka saa kumi alfajiri, nikasaga, nikamimina kwenye mkaa uani kama bibi, chini makaa matano tu, juu nimejaza, nikawapelekea miwili nimeshaikata kabisa vipande kumi na mbili mbili, vitundu vinaonekana kama sega la asali. Hakuna kipande kilichorudi.

Jumatatu wifi ndo aliyeniletea sinia langu, na hakuleta tupu, ndani kaweka maembe. Akasimama mlangoni akaniuliza, "Wifi, hivi mchele unaloweka saa ngapi?" Nikamkaribisha ndani, nikamwambia, nikampa vipimo vyote nilivyowapa hapa, na habari ya moto nikamuonyesha kwa vitendo na jiko lenyewe. Sikumficha kitu. Hakusema lolote kuhusu ile ramadhani na mimi sikumkumbusha. Maembe tumekula. Kuumia bado naumia kidogo, siwezi kuwadanganya.

Sasa dada wa Morogoro, nazi ikipatikana kesho anza upya, ila usipige hesabu kubwa, pika nusu ya vipimo, mchele kikombe kimoja kwenye sufuria ndogo, ukiharibika umepoteza nazi moja tu. Chini moto mdogo. Subiri vitundu vifike kati ndo ulete mkaa wa juu. Uuache upoe nusu saa kabla hujakata kwasababu ukiukata wa moto hata ulioiva unajikusanya kama haujaiva. Ukishakata nitumie picha, na naomba iwe ya katikati, ya juu niliiona.