Nyumba za Shirika zimefikaje zilipo?

SWALI: Ndugu Mhariri, salamu kutoka Igoma, Mwanza. Nimekuwa nikijiuliza juu ya mgawanyo wa nyumba za Shirika la Nyumba la Taifa mkoa kwa mkoa. Mkoa wetu ni wa pili kwa wingi wa watu nchini, lakini nyumba nyingi za Shirika ninazozijua zimesongamana katikati ya jiji, juu ya maduka. Shemeji yangu aliyehamia Mpanda ananiambia kwamba huko zipo Ilembo, zikiwa mtaa mzima wa nyumba mpya za chini. Je, Shirika hugawa nyumba kwa kufuata idadi ya watu? Kama sivyo, hufuata nini?
– Msomaji wa Igoma

JIBU: Ndugu msomaji, hazifuati idadi ya watu, wala hazijawahi kuifuata. Sensa ya mwaka 2022 iliihesabia Mwanza watu 3,699,872 na Katavi, mkoa wenye mji wa Mpanda, watu 1,152,958, lakini tarakimu hizo hazitakueleza kwa nini nyumba hii iko hapa na ile iko kule. Kinachoeleza ni namna kila nyumba ilivyoingia mikononi mwa Shirika, kwa kuwa nyingine zilijengwa nalo na nyingine zilirithiwa zikiwa zimekwisha kujengwa na watu wengine kwa makusudi yao wenyewe.

Shirika liliundwa mwaka 1962, na katika miaka yake ya kwanza nguvu kubwa ilielekezwa Dar es Salaam, ambako vibanda vilibomolewa katika maeneo kama Magomeni na mahali pake zikajengwa nyumba za kudumu. Mikoa ilipata, lakini kwa uchache.

Nyumba unazoziona katikati ya Mwanza zina asili nyingine kabisa. Mwezi Aprili 1971 Serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000, isipokuwa yale yaliyokaliwa na wenyewe, na kuyaweka chini ya ofisi ya Serikali iliyoitwa Msajili wa Majumba. Ndiyo maana mpaka leo wazee wa mjini husema "nyumba za Msajili". Sasa fikiri: katika mwaka huo, ni miji gani iliyokuwa na majengo ya kupangisha yenye thamani hiyo? Ni miji ya biashara, yenye bandari, reli na mazao ya kuuza nje. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928, na pamba ya Usukuma ikashuka hapa. Wafanyabiashara, wengi wao wenye asili ya Asia, wakajenga maduka chini na makazi juu karibu na stesheni na gati. Mji ambao haukuwa na majengo ya namna hiyo haukuwa na cha kutaifishwa. Mwaka 1990 Msajili aliunganishwa na Shirika, na kwa siku moja Shirika likajikuta na mali nyingi katika miji hiyo, bila kuwa limeuchagua hata mtaa mmoja.

Ukitaka kuiona historia hiyo kwa macho yako, pita Mtaa wa Rwagasore au Lumumba asubuhi kabla maduka hayajafunguliwa na uinue uso. Kwenye baadhi ya majengo ya zamani utaona mwaka wa ujenzi uliochongwa kwenye saruji juu ya ghorofa, na pengine jina la familia lililopakwa chokaa mara nyingi hadi herufi zimekaribia kuzibwa. Huyo aliyechonga mwaka ule ndiye aliyeamua mahali pa nyumba. Shirika lilikuja baadaye.

Pengine sasa utauliza kwa nini, baada ya hapo, nyumba za Shirika hazikufuata watu walipohamia pembezoni. Hapa ningependa tukae kidogo, maana ndipo penye uzito. Kwanza, katika miaka ya 1970 sera yenyewe iligeuka: badala ya kujenga nyumba, Serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilipima viwanja na kuvifikishia huduma ili wananchi wajijengee, na Mwanza ilikuwa miongoni mwa miji mitatu ya awamu ya kwanza, pamoja na Dar es Salaam na Mbeya. Pili, kodi ya pango ilidhibitiwa kwa sheria hadi mwaka 2005, na mwenye nyumba anayekusanya kodi isiyotosha hata kupaka rangi hawezi kujenga mtaa mpya. Kwa miaka mingi, basi, jiji lilipanda milima ya mawe ya Igogo na Mabatini kwa mikono ya wananchi wenyewe, na Shirika likabaki chini, kwenye maduka. Mimi naona hilo lilikuwa kosa la kulionea uchungu, kwa sababu mwenye kipato kidogo ndiye aliyeachiwa mteremko na jiwe.

Ilembo ya shemeji yako, kama Bombambili ya Geita, ni ya zama za tatu. Katika miaka ya 2010 Shirika lilianza kujenga nyumba za gharama nafuu za kuuza kwenye ardhi iliyopatikana mikoani, ikiwemo mikoa mipya ya mwaka 2012 kama Katavi na Geita. Hapo mahali pa nyumba huamuliwa na upatikanaji wa ardhi kubwa isiyo na mgogoro wala fidia nzito. Ardhi ya namna hiyo hupatikana kwa urahisi zaidi Mpanda kuliko Nyamagana, wilaya yetu ya jijini Mwanza. Huwa mbali na mji, na maji, umeme na barabara visipofikishwa na wahusika, gharama yake huingia kwenye bei ya nyumba.

SWALI: Hapa Musoma kuna nyumba wanazokaa watumishi wa Serikali. Je, nazo zihesabiwe kuwa za Shirika?
– Mama wa Musoma

JIBU: Hapana, mama yangu, usizichanganye bila kuuliza. Nyumba nyingi za watumishi wa Serikali ziko chini ya Wakala wa Majengo, ulioanzishwa mwaka 2002. Zanzibar nayo ina shirika lake, kwa hiyo ukiona orodha ya nyumba za Shirika yenye mikoa ya Bara peke yake, si kwamba Unguja na Pemba zimesahauliwa.

Nanyi nyote wawili, mkienda kwenye ofisi ya Shirika mkoani, msiulize idadi ya majengo, kwa kuwa jengo moja la mjini linaweza kuwa na milango mingi ya wapangaji na nyumba moja ya Ilembo ina familia moja. Ulizeni idadi ya milango, mwaka kila jengo lilipoingia mikononi mwa Shirika, na kama ni la kupangisha au la kuuza.