Maswali ya Wasomaji: ZIM, Chaika na ZIL

Swali: Majina ZIM, Chaika na ZIL nayaona yakitumika kana kwamba ni gari moja. Nani alipanda lipi?

Jibu: Ni magari matatu ya Kisovieti, ya viwanda viwili. ZIL ilitoka Moscow, katika kiwanda kilichobeba jina la Stalin hadi 1956, kisha kikapewa jina la Ivan Likhachev aliyewahi kukiongoza. Kwa hiyo ZIS-110 ya 1945 (S ni ya Stalin) na ZIL-111 ya 1958 (L ni ya Likhachev) ni ndugu wa nyumba moja. Hizo zilikuwa za vigogo wa Politburo, kamati ya juu kabisa ya chama tawala. ZIM na Chaika ni za kiwanda cha GAZ, mjini Gorky (sasa Nizhny Novgorod). Chaika GAZ-13 (1959–1981) ilibeba mawaziri, mabalozi na makatibu wa kwanza wa chama mikoani. ZIM, iliyoitwa pia GAZ-12, ilikuwa ngazi moja chini, na ndiyo pekee kati ya hizo tatu iliyouzwa kwa raia: rubli 40,000, wakati Pobeda, gari dogo zaidi la GAZ, ilikuwa 16,000. Nyingine zilifanywa teksi na magari ya wagonjwa.

Swali: Nimeoneshwa ZIM inayosemekana kuwa na kila kitu chake cha asili. Nikague nini?

Jibu: Anza chini. ZIM ina urefu wa mita 5.5 na safu tatu za viti, lakini haina chasisi, yaani fremu ya chini iliyo peke yake. Bodi ndiyo inayobeba mzigo wote. Waundaji walilazimika kupunguza uzito kwa sababu injini ya silinda sita, lita 3.5, ilitoa nguvu farasi 90 tu. Hivyo kutu kwenye kingo za chini ya milango si suala la rangi. Bodi inalegea katikati. Pitisha sumaku kwenye kingo hizo. Isiposhika, hapo kuna puti, yaani ujazo wa kuziba matundu ya kutu. Kisha fungua mlango wa nyuma, ambao bawaba zake ziko upande wa nyuma, uufunge taratibu. Ukilazimika kuuinua ili ufunge, bodi imeshapinda.

Boneti ni kipande kimoja kinachofunguka kushoto au kulia, na ukifyatua pande zote mbili unakiondoa kizima. Jaribu pande zote. Ndani yake ndimo penye udanganyifu mkubwa: injini ya lori la GAZ-51 ni ya ukoo huohuo na ujazo uleule, ila ya nguvu farasi 70, na inaingia bila shida. Ya ZIM ina kabureta ya matundu mawili. Ya lori ina tundu moja.

Kipimo cha mwisho ni barabarani. Kati ya injini na klachi, ZIM ina kiungo kinachopitisha nguvu kwa mafuta. Ukiwa gia ya pili, kanyaga breki hadi gari lisimame, bila kugusa klachi. Injini iendelee kunguruma. Ikizima, huenda kiungo kilishatolewa. Kumbuka pia kwamba, kwa sababu ya mafuta hayo, kuacha gari kwenye gia hakulizuii kuteremka mlima. Breki ya mkono lazima iwe nzima kabisa.

Swali: Oili ya Chaika GAZ-13 imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Tatizo ni gasketi?

Jibu: Huenda, lakini msikimbilie kufungua hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini. Injini hiyo ya V8 (silinda nane), ya lita 5.5, ina bloku ya aluminiamu na slivu za chuma, yaani mirija ambamo pistoni hutembea, zinazozungukwa na maji. Ikiendeshwa kwa maji matupu, bila dawa ya rejeta, aluminiamu huliwa pale slivu inapokaa, na maji hupenya hadi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Msiiwashe tena. Mwageni oili, shusheni sampu, pampuni hewa ya presha ndogo kupitia rejeta na mwangalie kwa tochi kutoka chini. Tone likitokea kwenye ukingo wa chini wa slivu, kosa ni sili yake, yaani pete inayozuia maji. Pakiwa pakavu, ndipo mshuku gasketi. Hedi zikishatoka, msizungushe kranki kabla ya kubana slivu kwa vibanio: pistoni huziinua, na sili zilizokuwa nzima nazo zinaharibika.

Swali: Kwa nini vipuri vya bodi ya GAZ-14, Chaika iliyofuata GAZ-13, ni vigumu kupatikana?

Jibu: Uzalishaji ulikoma 1988, katika kampeni ya Gorbachev dhidi ya marupurupu ya viongozi, na michoro pamoja na vifaa vya kuundia vikaharibiwa. Fundi hugonga bati upya kwa mkono, akinakili umbo kutoka gari zima.