Moduli hupewa parameta, haipitishiwi

SWALI: Ninaandika mwongozo wa Linux kwa ajili ya wanafunzi wangu. Nimeandika: “Unaweza kupitisha parameta kwa moduli ya kerneli wakati wa kuipakia.” Mwenzangu anasema sentensi haieleweki. Nimekosea wapi?

JIBU: Mwenzako yuko sahihi, na kosa haliko kwenye “parameta”. Liko kwenye kitenzi, na hicho “kwa” kinachokifuata.

Kupitisha ni kufanya kitu kipite: Bunge hupitisha mswada, fundi cherehani hupitisha uzi kwenye tundu la sindano. Ukipitisha mchanga kwa chekeche, chekeche ni chombo tu. Mchanga unaishia chini. Basi msomaji atadhani moduli (kipande cha programu kinachoongezwa kwenye kerneli, yaani kiini cha Linux) ni njia, na parameta inaelekea kwingine, ilhali parameta inabaki kwa moduli na kubadili utendaji wake.

Kiswahili kina kitenzi cha kazi hii: kupa. “Unaweza kuipa moduli parameta wakati wa kuipakia.” Kiambishi -i- hapo ni cha moduli, yaani mpewaji, kama -m- katika “nimempa mtoto kitabu”, hakuna asemaye “nimekipa mtoto kitabu”. Usikiache: “kupa moduli parameta” ni sentensi iliyovunjika mguu. Moduli zikiwa nyingi, “kuzipa”. Katika kutendwa, “moduli imepewa parameta”.

Chukua moduli ya sauti iliyo kwenye kompyuta nyingi, ukiipakia kwa amri ya modprobe:

modprobe snd_hda_intel power_save=10

Hapa power_save ni parameta, na 10 ni thamani yake: chipu ya sauti ikikaa sekunde 10 bila kazi, ipunguze matumizi ya umeme. Usiyachanganye majina hayo mawili.

Mpangilio huohuo ukitaka udumu, unaandika “options snd_hda_intel power_save=10” katika faili lenye kiishio .conf ndani ya /etc/modprobe.d. Hapo mimi ningebadili kitenzi: umeiwekea moduli parameta, kama mtu anavyowekewa chakula akikuta kimeshaandaliwa. Napenda sana tofauti hii, kwa sababu kitenzi chenyewe kinamdokezea mwanafunzi kwamba parameta imeandaliwa mapema, bila maelezo ya ziada. Na ukiandika namba mpya katika /sys/module/snd_hda_intel/parameters/power_save moduli ikiwa kazini, umebadilisha thamani tu.

Wapo wanaopendelea “kigezo”. Mimi nakiepuka hapa. Kwa wengi kigezo ni kipimo cha kukubali au kukataa, kama katika matangazo: “vigezo na masharti kuzingatiwa”. power_save haipimi chochote.

“Kupakia” umelitumia vizuri. Ila ukifika kwenye rmmod, amri ya kuitoa moduli kwenye kerneli, usiandike “kupakua”, maana wanafunzi watafikiri wanachukua faili kutoka intaneti. Andika “kuiondoa moduli”.